Bata Aliyejua Habari za Mtaa

Hapa kisiwani Amu hakuna mtu ambaye mimi, Fahmi, nikikaa naye muda wa kikombe kimoja cha kahawa atainuka bila kucheka. Nimemchekesha karani wa vitambulisho, tena Jumatatu asubuhi. Nimemchekesha mwalimu wangu wa hesabu huku ameshika karatasi yangu ya mtihani, na alama zenyewe zilikuwa za kuliza. Nimemchekesha bwana harusi aliyebanwa na viatu. Watu wakiniona natokeza kwenye kichochoro huanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, kama waonapo sinia ya pilau ikija.

Sifa hizo zilidumu mpaka mwezi wa tatu wa eda ya shangazi yangu Mwana.

Shangazi Mwana ni dada ya baba yangu. Alikuwa amefiwa na mumewe, Ami Husein, na kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Mimi ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo niliingia na kutoka kama paka wa nyumba. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilipanda zile ngazi za mawe, nikavua viatu, nikamkuta chumba cha juu, amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi.

Chumba kile saa kumi alasiri si mahali pa mtu aliye macho sawasawa. Nyumba iko karibu na bahari, na jua likianza kushuka mwanga hupiga maji, ukaruka, ukaingia dirishani na kucheza kwenye boriti za dari. Ukikaa kimya kidogo unaanza kuona kwamba wewe ndiye uliye chini ya maji, na kule juu ndiko wanakopita watu. Siku zote nyumba ile ilinukia asumini na udi. Sasa ilinuka chokaa tu, harufu ya ukuta mtupu, na sauti za mtaani zilifika juu zimeshachoka: kwato za punda, mlango unafungwa, mtu anamwita mtu na mtu haitiki.

Chini ya ukuta wa vidaka, penye yale mabakuli ya kale ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, ilikaa televisheni. Ilifunikwa kwa kitambaa alichokidarizi shangazi mwenyewe. Siku ya sabini ya eda aliitazama muda mrefu, akasema:

"Fahmi, mfunue yule."

Kipindi chao, yeye na Ami Husein, kilikuwa kimoja, katuni ya Kiingereza ambayo hurushwa kila siku saa kumi na nusu. Ilianza mwaka alioolewa shangazi na haijaisha mpaka leo. Miaka ishirini na sita. Kuna baba mnene mwenye kipara anayepeleka barua na anaogopa mbwa. Kuna mkewe anayefundisha watu kuendesha gari na mwenyewe hana leseni. Kuna bibi kizee anayelala ndani ya bafu, kuna mtoto wa kiume wa miaka kumi, na kuna bata mweupe anayetembea humo ndani kama mwenye nyumba. Wana majina yao ya Kiingereza, lakini majina hayo hayakuwahi kupanda ngazi za shangazi. Ami Husein aliwapa mengine: Bwana Barua, Bi Usukani, Bi Bafu, Kidume. Bata aliitwa Karani kwa sababu, alisema Ami, anajua habari za kila mtu na hana kazi.

Shangazi hajui Kiingereza. Ami Husein ndiye aliyekuwa akimfasiria. Alibeba mizigo ya wageni kwenye uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha ng'ambo, miaka ishirini na mitano, na mtaa mzima uliamini kuwa mtu aliyekaa na wazungu muda wote huo Kiingereza amekila kikaisha. Kila alasiri alirudi, akaswali, akaketi nyuma ya mkewe mkekani, na kicheko chao kilifika mpaka kwa Zamzam. Huyo Zamzam ni jirani, mpishi wa hoteli moja kule Manda, na chumba chake kimeungana na hiki kwa wikio, yaani kile chumba kama daraja kinachopita juu ya kichochoro, wanawake watembeleane bila kushuka chini.

"Haya, fasiri," shangazi aliniambia. "Wewe si umesoma."

Cheti changu cha kidato cha nne kina B ya Kiingereza, nami nilikifasiri kipindi kile kama ninayesahihishwa. Neno kwa neno. Penye kicheko nilipunguza mwendo ili kicheko kipate pa kukaa. Shangazi alitazama mpaka mwisho, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa.

"Na Karani kasemaje?"

"Nani?"

"Bata. Yeo kasemaje?" Kwake leo ni yeo.

Nilimtazama bata. Alikuwa amesimama juu ya friji. "Hakusema kitu, shangazi. Ni bata."

"Kipindi kizima?"

"Alilia kwaak mara moja, Bwana Barua alipomkanyaga."

Akafikiri kidogo, tasbihi inampita vidoleni. "Basi na yeye kafiwa," akasema, na akaniambia nimfunike.

Nilikwenda kwa Amjad. Amjad ana kiduka nyuma ya soko, huwajazia watu filamu kwenye flash, na kwa mambo ya katuni yeye ni mufti. Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Kitu kile kilikufa msimu wa tisa," alisema, mdomo umejaa kiazi cha karai. "Dunia nzima yajua. Watu wamekaa kwenye mtandao wakahesabu vicheko, kipindi kwa kipindi. Waliokitunga mwanzo waliondoka. Waliobaki wachora tu. Sasa wewe wamfasiria mjane maiti mwingine, halafu wataka acheke."

"Mbona bado kinaonyeshwa?"

"Na wewe mbona bado wachekesha?"

Hilo nilimsamehe kwa sababu ya flash. Alinijazia misimu minane ya kwanza, ile ya dhahabu kwa maneno yake, na kwa siku ishirini mfululizo shangazi na mimi tuliitazama dhahabu. Nilifasiri polepole, nikafasiri haraka, nikafasiri nimesimama. Shangazi alikuwa akisema "ehe" mahali pa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Ajabu ni kwamba hata mimi sikucheka. Nilikitafuta kile kipindi ambacho Bwana Barua anakwama kichwa ndani ya sanduku la posta. Nilikitazama mara ya kwanza nikiwa na miaka saba, kwenye mkeka huu huu, nikacheka mpaka chai ikanitoka puani. Sasa nilikitazama tena. Kichwa kikaingia sandukuni, mbwa akaja, na mimi nikangoja kicheko changu kama mtu anayengoja mgeni gatini: boti zinakuja, watu wanashuka, mwenyewe hayumo.

Ndipo jambo likanijia, taratibu, kama vile mtu anavyoamka. Nilipokuwa na miaka saba sikujua Kiingereza hata cha salamu. Nilichokuwa nikikicheka hakikutoka mbele yangu. Kilitoka nyuma, kwa Ami Husein. Niliporudi kwenye flash na kuangalia vizuri, msimu wa kwanza, wa pili, wa tano, bata hajawahi kusema neno tangu aumbwe. Analia kwaak, anapanda juu ya friji, basi. Na mimi nilipoanza kukijua Kiingereza nilikuwa nimeshahamia kwenye mpira, sikukaa tena pale mkekani. Hakukuwa na mtu wa kumsahihisha Ami.

Nikakaa nalo. Nimwambie nini shangazi? Kwamba kwa miaka ishirini na sita alikuwa akicheka kipindi ambacho hakikurushwa na kituo chochote duniani?

Alasiri ile ile umeme ulikatika. Picha ikajikunja ikawa doa moja jeupe, doa nalo likazama. Hakuna kati yetu aliyeinuka. Mwanga wa maji uliendelea na kazi yake darini kana kwamba hiyo ndiyo programu inayofuata.

"Yule Kidume," shangazi alisema, bado anakitazama kioo cheusi. "Nilipoolewa alikuwa na miaka kumi. Raiyan wangu akazaliwa, akamfika, wakawa sawa, nikawa nawaona kama mapacha. Halafu Raiyan akampita. Akaota ndevu, akenda Mombasa, kaajiriwa bandarini. Huyu bado mamake amfunga kamba za viatu." Akasukuma punje ya tasbihi. "Wakati mwingine huona kama ni yeye aliyesimama na sisi ndio tuliochorwa."

Nikakitazama kioo nami.

"Raiyan aniita," akaendelea. "Ataka eda ikisha niende nikakae naye. Nyumba ya ghorofa, ina lifti. Nimemwambia angoje. Kuna jambo nataka nilijue kwanza. Kama ni hiki kijisanduku kilichokufa, si neno, vitu hufa. Lakini kama ni mimi, kama kicheko kimetoka kimekwenda na Husein, basi sina ninalolingoja hapa ndani. Nitatia kufuli, nende nikawe mzigo kwa mtu." Akanigeukia. Mato yake, kama anavyosema yeye, yalikuwa makavu kabisa. "Siku yangu ya kutoka ikifika bila ya kucheka, nitajua jawabu."

Nilihesabu. Siku thelathini na sita. Na akiondoka, mimi alasiri nitapanda ngazi zipi?

Basi nikamtia bata maneno.

Nilianza kesho yake, katikati ya kipindi, bila kutangaza. Bi Usukani alikuwa amegonga mti, na Karani akatoka dirishani. Nikasema kwa sauti ya puani: "Mama, leseni umeisahau kule ulikosahau breki."

Shangazi aliinua kichwa. "Kasema?"

"Kasema."

"Mdomo wake haukufunguka."

"Siku hizi wachora vibaya," nikasema haraka.

"Haukuwa ukifunguka hata zamani," akasema. "Haya, endelea."

Sikujua kama nimetuhumiwa au nimeruhusiwa. Nikaendelea. Nilimpa bata mizaha yangu bora, ile iliyowaangusha watu barazani: ya simu, ya wapenzi wa mtandaoni, ya kijana aliyejipiga picha na gari la watu. Wiki mbili nzima. Shangazi alitabasamu pembe moja ya mdomo na kusema, "Vizuri." Mnaochekesha watu mtanielewa. Mtu akikutukana bado una nafasi. Akikwambia vizuri, umekwisha.

Siku ya kumi na nne alinipa hukumu. "Huyu si Karani. Huyu ni jamaa yake wa Nairobi, amekuja likizo."

Nikaona heri nimtafute aliyemjua Karani wa kweli. Ami Husein alikuwa akivuka asubuhi na kurudi mchana kwa boti ya Bwana Kamaludin, anayewabeba wafanyakazi wa uwanjani. Nilimkuta gatini anafuta mashine kwa fulana kuukuu. Nikamuuliza, kwa kuzunguka, kuhusu Kiingereza cha marehemu.

"Husein?" Kamaludin akacheka kwa pua. "Alijua cha mizigo. Hiki kizito, hiki chepesi, karibu, kwaheri, angalia kichwa. Kikizidi hapo alikuwa akitabasamu tu. Mzungu mmoja alimweleza habari za talaka yake kutoka kwenye ndege mpaka kwenye boti, naye amjibu karibu, karibu."

"Na njiani alikuwa akisema nini?"

"Ah, hilo." Akaiweka fulana chini. "Kila siku tukirudi alikaa mbele peke yake, midomo yamtikisika. Sote twalidhani asoma uradi. Mwaka mzima nampunguzia mwendo kwa heshima. Siku moja nikamsogelea nimsikilize. Alikuwa ni bata."

"Bata."

"Asema kama bata. Kwanza asema kwa sauti ile ya bata, halafu ajibu kwa yake, halafu arudi afanye tena vizuri zaidi. Yaliyotokea siku ile yote: nani kateleza, mgeni gani kaja na masanduku sita akaishi siku moja, nani kanunua kofia kubwa kuliko kichwa. Akaniuliza, Kamaludin, yule aliyebishana na kasuku wa hoteli, bata angemwambiaje? Nikamwambia mimi ni nahodha, mambo ya bata siyajui. Lakini siku ya pili nikamletea neno. Baadaye boti nzima ikawa yamletea. Bi Mwana hatoki sana, Husein akasema, na mimi sina cha kumpelekea mkononi."

Nilirudi nyumbani kwa ndia ndefu, kama anavyosema shangazi, ile ya kuzunguka. Mji ulikuwa katika saa yake ya usingizi. Paka wamelala juu ya baraza, madirisha yamefungwa nusu, na kila kitu kilionekana kimechorwa na mtu asiyekuwa na haraka. Nikafikiri: katuni ya Amjad ilikufa msimu wa tisa. Ya shangazi ilikuwa ikitungwa upya kila siku baina ya Manda na Amu, kwenye pua ya boti. Haikuweza kuchacha, maana ya jana haikurudiwa. Iliisha siku aliyoisha mtungaji wake, na mimi hapa nampelekea mizaha iliyokwisha kuvaliwa na watu wengine.

Kesho yake nikamwambia Kamaludin anichukue, nikakusanye.

Sasa, juu ya yale yaliyotokea siku ile, nitasema niliyoyaona kwa mato yangu. Kwenye boti tulikuwa watu kama tisa. Kulikuwa na wabeba mizigo wanne, kulikuwa na mbuzi mmoja wa Kamaludin anayehamishwa kwenda kulishwa Manda, na nyuma walikaa wanawake watatu waliojifunika nikabu, ukiona macho umeona yote. Na kulikuwa na kijana mmoja, sijui wa wapi. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka imesimama yenyewe, na miwani ya jua, na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, ambayo bila shaka aliiazima. Kijana huyo alikuwa na maneno. Tangu tunaondoka alikuwa akiwaeleza wabeba mizigo jinsi kuchekesha watu kulivyo elimu, na namna elimu hiyo ilivyo na wenyewe.

Tulipofika gati la Manda hakungoja boti ifungwe. Alisimama, mguu mmoja akautia kwenye ngazi ya gati, mwingine ukabaki botini, na hapo, mahali pabaya kuliko pote, akakumbuka neno moja la kumalizia. Akageuka kulisema. Boti ikaanza kujitenga na gati, polepole sana, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Kijana akatazama miguu yake ikienda kuishi maisha tofauti. Alikuwa bado hajafika kwenye kituo cha sentensi yake alipoingia majini.

Lazima niwe mkweli: alianguka kwa heshima. Maji yalimfika kifuani, na mawimbi yalikuwepo. Akainuka taratibu, akaikung'uta kofia, akawatolea watu salamu, akapanda ngazi kama aliyekuwa amekusudia kuoga. Hakupiga kelele. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, najua ninalolisema.

Alasiri nilipopanda ngazi za shangazi nilikuwa nimebadilisha nguo, kwa sababu ya joto.

Zilibaki siku kumi na tisa. Kipindi kilikuwa kimeshaanza. Bwana Barua alikuwa amepewa baiskeli mpya na mbwa wote wa mji walikuwa wamesikia. Karani alisimama dirishani, kimya, akitazama nje. Rangi ya buluu ya kioo ilipanda ukutani ikakutana na mwanga wa maji ulioshuka kutoka kwenye boriti, na kwa muda sikuweza kusema chumba kinaishia wapi na kipindi kinaanzia wapi. Nikakaa nyuma ya shangazi. Siku zote nilikuwa nimekaa ubavuni, nikimwangalia uso kama anayengoja alama. Safari hii nilikaa pale alipokuwa akikaa Ami, mgongo ukutani, na ukuta palepale ulikuwa umelika kidogo, umenipokea.

"Nimechoka," nikamwambia kwa niaba ya bata. "Nimekwenda Manda na kurudi na mabawa yangu haya. Hivi nyinyi mwajua kwamba Kamaludin siku hizi apakia mbuzi bila tikiti? Kampa kiti cha mbele. Mbuzi akanitazama, nikamtazama, akasema, kaka, safari njema. Nikamwambia, na wewe pia, kila siku, inshallah."

Shangazi hakugeuka. Lakini tasbihi ilisimama.

Nikamweleza habari za wabeba mizigo. Mmoja amepewa na mgeni soksi za baridi, naye amezivaa zote mbili kwa furaha, jasho lamtoka mpaka masikioni. Nikamweleza mlinzi wa uwanjani ambaye ameanza kumpigia saluti kila ndege, hata ile isiyotua. Sikuzitafuta habari hizo mbali, ndizo zilizokuwepo. Zilitoka mdomoni bila mimi kuzisukuma, kwa sauti ambayo mwanzo ilikuwa ya puani na baadaye sikujua tena ni ya nani. Kwenye kioo Karani alitembea juu ya meza akainamisha shingo, kana kwamba anakumbuka.

"Na kulikuwa na kijana," nikasema.

"Kijana gani?" shangazi aliuliza. Alimuuliza bata, si mimi.

"Wa kanzu. Kanzu yenyewe imekunywa wanga mpaka imeshiba, yeye akikaa, yenyewe yasimama. Mguu gatini, mguu botini. Nikamwambia, bwana, chagua, nti au maji. Akasema ngoja nimalize sentensi."

Mabega ya shangazi yalitikisika. Nilidhani ni kikohozi. Nikaendelea polepole: boti inavyojitenga, ile miguu inavyopeana mkono wa kwaheri, kijana anavyotazama chini kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Na alipofika majini sauti fulani ilitoka kwa shangazi, kavu, kama bawaba ya mlango wa chumba kisichofunguliwa. Ikatoka tena. Ya tatu ilikuwa kicheko. Kilipanda, kikagonga boriti, kikarudi, na yeye mwenyewe akashika mdomo akitazama huku na huku kama aliyeulizwa jina lake na akalikumbuka.

Nilitaka kulia, lakini bata hatoi machozi, kwa hiyo nikasonga mbele. "Akainuka kwa heshima," nikasema. "Maji kifuani. Akaikung'uta kofia. Akawaambia watu, asalaam aleikum, kama sheikh aliyetoka..."

"Hakuinuka kwa heshima."

Sauti ilitoka mlango wa wikio. Zamzam alikuwa amesimama pale, bakuli la tambi mkononi, buibui yake ya kazini bado mwilini, nikabu ameikunja juu ya paji la uso. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Nalikuwa nyuma ya boti," alimwambia shangazi, na bakuli akaliweka chini ili mikono iwe huru. "Hayakumfika kifuani, Bi Mwana. Yalimfika magotini. Mawimbi hayakuwepo, palikuwa kama sinia. Na hiyo kofia hakuikung'uta, alikuwa hana mkono. Mikono yote miwili alikuwa amemkumbatia mbuzi shingo."

"Mbuzi alikuwa botini," nikasema.

"Ulimvuta, mkaingia nyote. Mbuzi ndiye aliyeinuka kwa heshima."

Shangazi aligeuka mkekani. Alinitazama nguo zangu safi, akatazama nywele zangu, ambazo kumbe zilikuwa bado na chumvi. Nyuma yake kipindi kilikuwa kimekwisha bila mtu kujua, kioo kinaonyesha tangazo la sabuni, na hakuna bata wa kujificha nyuma yake.

"Karani hakunambia hayo," akasema polepole.

"Karani alikuwa mbali," nikamwambia. "Yeye na..."

"Wewe nyamaza kidogo, mwanangu, mpishe aliyeona." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, mabega yakimwenda. "Keti, Zamzam. Raiyan akipiga simu nikumbushe nimwambie hiyo lifti aipande yeye, mimi nitakwenda kumzuru siku tatu nirudi. Haya. Alipomkumbatia mbuzi alipiga kelele?"

"Alipiga."

"Akamwita mamake?"

Zamzam alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwomba mtu kwa macho asiseme kitu cha kuchekesha.

"Alimwita mbuzi," akasema. "Na kwa adabu zote, Bi Mwana. Bwana Mbuzi, usiniwate peke yangu."